Watu wa Kazakistani kwa Beti Tatu

Mdomo wa Twalib ulimtangulia popote alipokwenda, na Jumapili moja ya mwaka 2018 pale Newtown ulimponza. Alikuwa amesimama nyuma ya meza ya vitenge ya Bi Zabibu, mahali Waswahili wa Johannesburg wanapokutana kulumbana kwa mashairi, akajitapa kwamba hakuna taifa duniani asiloweza kulitungia. Ameir, Mzanzibari muuza manukato ambaye hakuwa ameshindwa tangu 2015, akatabasamu na kumtupia beti tatu. Wa kwanza ulianza hivi:

*Twalibu ulojitapa, nchi zote wazijua,*
*Kazakistani nakupa, watu wake fafanua.*

"Eish," akasema mtu, na kicheko kikazuka.

Kanuni zao hazikuwa na huruma. Beti tatu hujibiwa kwa beti tatu, si pungufu wala zaidi, kwa vina vilevile, ndani ya wiki moja. Anayeshindwa hunyamaza mwaka mzima.

"Wewe si mlinda geti?" Ameir akamchokoza. "Basi tuambie nani wamo ndani."

"Nitakuambia mpaka utaomba nifunge," Twalib akajibu, ingawa adhabu ilishamwingia akilini. Mwaka mzima wa kimya! Kule Midrand, kwenye geti la ofisi, wiki nzima aliitwa "security". Ni pale tu, nyuma ya vitenge, watu walipomwita Twalib wa Tanga.

Jumatatu akamuuliza kila aliyepita getini. Wa tisa alikuwa Svetlana Kim, mhasibu, ambaye kwa miezi minane Twalib alikuwa akimwandika "Mchina" kwenye kitabu cha geti na kumsalimu kwa neno lake moja la Kichina.

"Samahani, dada. Unamjua mtu yeyote wa Kazakistani?" akamuuliza kwa Kiingereza.

"Ninamjua mmoja. Mimi."

"Wewe si Mchina?"

"Mimi ni Mkorea, mzaliwa wa Kazakistani. Kikorea najua cha kuombea chakula tu, ndoto naota kwa Kirusi. Kwani kitabu chako kinasemaje?"

Twalib akakifunga kile kitabu polepole. Lakini moyo wake ulikuwa ukitokota kama maji ya chai.

Wiki nzima, saa ya chakula, Svetlana alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya geti na kummiminia. Nchi karibu mara tatu ya Tanzania kwa ukubwa, watu milioni kumi na nane na ushei tu. Katika kila watatu, wawili Wakazaki. Katika kila watano, mmoja Mrusi. Kisha Wauzbeki, Waukraini, Wauyguri, Watatari, Wajerumani. Na Wakorea kama laki moja, ambao babu zao walipakiwa kwenye treni kwa nguvu mashariki ya mbali ya Urusi mwaka 1937 na kushushwa nyikani, wakaanza upya kwa kulima mpunga. Twalib aliandika mpaka kwenye kiganja. Mataifa yote hayo chini ya bendera moja! Alipanda teksi, daladala za huko, huku akihesabu mizani kwa vidole, akapitilizwa kituo mara mbili.

Jumapili Svetlana mwenyewe akaja Newtown kusikiliza. Twalib akavuta pumzi, akaghani. Ubeti wa kwanza ukatua. Wa pili ukatua. Wa tatu ukayapanga mataifa moja baada ya jingine, vina vikigonga kama nyundo, na vitenge vikapepea kwa makofi. Ameir akainua mikono juu.

"Amejibu," akasema. "Sina neno."

Svetlana hakujua Kiswahili, ila majina ya watu aliyasikia. Akamgusa Twalib bega.

"Umewataja hata Wajerumani," akamwambia. "Mstari wetu sisi uko wapi?"

Twalib akahisi masikio yanawaka. Wakorea aliwatoa Ijumaa usiku. Mstari ulikuwa umejaa, naye akaona hakuna wa kugundua. Ushindi ulikuwa mkononi, angeweza kucheka na kunyamaza. Badala yake akapanda juu ya kreti.

"Bado sijamaliza," akasema.

"Umemaliza, mdogo wangu," Ameir akamwonya. "Ukifika wa nne umejifunga mwenyewe."

Twalib hakumsikiliza.

*Wakorea sikuwapa, kosa langu nalitua,*
*Treni zilipowatupa, nyika, theluji na jua,*
*Mpunga ukawalipa, watoto wakachanua,*
*Kwao ni kule ni hapa? Ameiri, watambua?*

Hakuna aliyepiga makofi. Kila mmoja pale alikuwa na mtoto aliyezaliwa Johannesburg, anayekielewa Kiswahili na kumjibu mama yake kwa Kizulu.

Ameir akainua vidole vinne. "Beti nne. Kanuni ni kanuni. Mwaka mzima."

"Ngoja," akasema Bi Zabibu, aliyekuwa mwamuzi, akiweka mkasi chini. "Mstari wa mwisho umeishaje?"

"Kwa swali," mtu akajibu.

"Basi huo si wa jibu. Jibu lake lilikwisha kwa beti tatu, na wewe mwenyewe, Ameir, umelikubali. Huu ni mtupo mpya, na jina lako limo ndani." Akachukua mkasi tena. "Una wiki moja."

Ameir akamgeukia mgeni. Kisha akavuta kreti jingine, akaketi mbele ya Svetlana Kim, akatoa kalamu.

"Twalib," akasema bila kumtazama, "njoo unitafsirie, Kiingereza changu ni cha kuuzia manukato tu. Muulize kwao ni wapi."