Moto wa Kuomba

Hakujapambazuka bado nilipoanza kusikia kiberiti kikikwaruzwa jikoni. Kra. Kimya. Kra. Nilihesabu njiti tisa nikiwa chini ya blanketi, kisha kukawa kimya kabisa.

Alikuwa mjukuu wangu Sekela, aliyefika jana kutoka Iyunga, Mbeya. Kwao wanapikia gesi. Alitaka niamke nikute chai, na baridi yote hii ya hapa kwetu Igowole. Nikamfuata.

Mafigani palikuwa pamelowa. Kila usiku mimi hufukia makaa kwenye majivu ili asubuhi niyapulize tu. Yeye, kwa kuogopa nyumba isije ikaungua, alikuwa ameyamwagia maji.

"Niliona yanang'aa, Bibi," alisema. "Nikajua umesahau."

Sikumgombeza. Alikuwa amenilinda.

Zamani jirani yangu Esnath alikuja kila alfajiri na kigae cha chungu cha kubebea makaa, kuomba moto. Tulikaa tukiulizana habari za usiku mpaka uji uchemke. Tangu mwanawe Liberatus amnunulie jiko la gesi, hajaja. Hatujakosana. Hana tu shida ya moto. Nami nimeendelea kufukia makaa, maana gesi nayo huisha.

Njiti hazikubaki. Nilimpa Sekela kigae, nikamwambia akaombe moto kwa Esnath. Aliniuliza mara mbili kama moto unaombwa kweli.

Walirudi wote wawili, Esnath mbele, kiberiti amekifunga kwenye pindo la kitenge, anacheka mpaka anakohoa.

"Mtoto anapiga hodi na kigae. Sasa nimtilie nini, gesi?"

Akavuta kigoda kilekile alichokuwa akikalia. Sikuwa nimekiondoa. Akamwonyesha Sekela: majani makavu ya paini kwanza, vijiti juu yake, kuni nene baadaye, na kupuliza kutokea chini, taratibu. Sekela alipuliza mpaka machozi yakamtoka. Moto ukashika. Tukanywa chai watatu, ukungu ukiwa bado mlangoni.

Esnath alipoinuka, nilimsindikiza mpaka kwenye mianzi. Jumapili Sekela angerudi kwao. Nilikuwa na mengi ya kusema, nikasema moja.

"Kesho njoo uombe moto, Mama Libe."

"Mimi gesi ninayo, Mama Timotheo."

"Najua. Njoo na kigae chako."