Mwoaji Asiyesema na Bomba la Aluminiamu

Video yenyewe haikufika hata dakika moja. Mugisha, mwalimu wa fizikia katika sekondari moja ya mjini Bukoba, anaonekana mbele ya darasa akiwa ameshika wima kipande cha bomba la aluminiamu, masalia ya fundi madirisha. Anadondosha nati ya chuma kwa juu, inatokea chini papo hapo, kaa! Anadondosha sumaku nene kama betri ya tochi. Kimya. Darasa linasubiri. Mwalimu anatazama dari, anapiga mwayo wa makusudi, na hapo ndipo sumaku inapochungulia chini ya bomba, taratibu, kama bibi harusi anayetolewa ndani. Darasa linalipuka kwa kelele.

Mwanafunzi mmoja, mwenye simu ambayo hakutakiwa kuwa nayo, akairusha mtandaoni. Video ikatembea, ikavuka ziwa, ikatua visiwani Muleba kwenye simu ya Getruda, shangazi yake Hellen. Naye Getruda ni mtu ambaye habari ikimkaa kifuani zaidi ya robo saa anapata kichomi. Akaituma kwenye kundi la familia na maneno haya: "Huyu ndiye mchumba wa Hellen. Ni mtu wa mazingaombwe. Tuombe sana."

Kwa familia nyingine wangecheka yakaisha. Lakini baba yake Hellen, mzee Byabato wa Rubafu, ni mzee wa kanisa la Kilutheri ambaye hata mtu anayechezea sarafu vidoleni humtazama kwa jicho la pembeni. Jibu lake lilikuwa fupi: "Jumamosi waje kuposa kama tulivyopanga. Aje na hilo bomba. Nikiona kiini macho, Hellen haolewi hapo."

Utasema, si rahisi tu, mwalimu aeleze fizikia yake? Ndiyo, kama angeruhusiwa kufungua mdomo. Kwa mzee Byabato desturi ya kuposa ilifuatwa mpaka ukucha. Mwoaji anakaa, anainamisha kichwa, hasemi. Anasemewa na mshenga. Mdomo wake utafunguliwa na baba mkwe mwenyewe kwa kumwambia "sema, mwanangu", na hayo yakishatamkwa, kijana amekubaliwa. Kabla ya hapo, hata akikanyagwa kidole gumba, atalia kwa macho tu.

Basi mtu anayelipwa mshahara kwa kuongea akaenda kujitetea akiwa bubu.

Mshenga wake alikuwa mjomba wake, Karugendo, mshereheshaji wa harusi za kata yao ya Bakoba, pale mjini, mtu mwenye maneno ya kumfanya hata marehemu apige makofi. Njia nzima Mugisha alimfundisha habari za mkondo wa umeme.

"Nimeelewa, mpwa wangu," Karugendo alimkatiza kabla hawajafika. "Tena nimeelewa kukushinda wewe."

Hapo ndipo Mugisha alipoanza kutoka jasho.

Walipokelewa vizuri. Kahawa ya kutafuna ilipitishwa kwenye kijikapu, kila mtu akachukua punje zake, akatafuna. Mzee Byabato alikaa katikati ya baraza. Pembeni yake alikaa Ndalahwa, mume wa Getruda, mfanyabiashara wa samaki aliyekuja na mkewe kutoka kisiwani, mizani yake ya kuning'iniza ikiwa ndani ya mfuko. Ndalahwa haiachi mizani hiyo nyuma. Hata msibani huenda nayo. Anasema ukiiacha, ukirudi unakuta imejifunza tabia mbaya.

Karugendo akasimama. Akadondosha nati, kaa! Akadondosha sumaku, ikakawia, ikatoka. Wanawake nyuma ya pazia wakaguna.

"Waitu, mzee wangu," alisema, mkono kifuani, "uchawi haupo hapa. Ukweli ni kwamba sumaku hii ina adabu. Nati haina adabu: inaingia kwa watu mbio, inatoka bila kuaga. Sumaku inabisha hodi, inasalimia wazee, inauliza hali ya migomba, ndipo inaomba ruhusa ya kuondoka. Na ndivyo alivyo kijana wetu!"

Nyuma ya pazia kicheko kikapasuka, na Mugisha akakitambua kicheko cha Hellen. Mzee Byabato hakucheka.

Mugisha akakohoa. Maana yake: mjomba, umeme!

"Mleteeni maji," alisema Karugendo. "Ana vumbi la njiani."

Maji yakaja. Mugisha akanywa, akakohoa tena kwa nguvu. Akaongezewa maji.

"Karugendo," alisema mzee Byabato, "adabu naijua. Ninachouliza ni hiki: humo ndani nani anaishika?"

Karugendo akatazama juu, akatazama chini. "Ni… hewa, Waitu."

Mugisha akafumba macho.

"Hewa?" Ndalahwa akadakia. "Na nati ilipita wapi, kwenye ugali? Shemeji, huo ni uzi wa nailoni. Uzi wa nyavu ukiwa kwenye mwanga huuoni, hata ukupite puani."

Akalinyakua bomba. Akalichungulia kwa jicho moja, akamwona Karugendo upande wa pili, akasonya. Akaingiza kidole, akakinusa. Hakuna kitu. Akachukua sumaku, akaibandika kwenye bomba kwa nje, ikateleza na kuanguka mkekani. Haikutaka undugu na aluminiamu kabisa.

"Sasa haya ndiyo makubwa," alisema. "Leteni kamba. Tunapima."

"Unapima nini?" Getruda aliuliza kutoka ndani.

"Wewe tulia. Bomba tunalitundika kwenye mizani. Kama kuna mtu anaishika sumaku toka nje kwa ujanja wake, mzigo ni wa kwake yeye, bomba halina habari, mshale hautasogea. Kama bomba lenyewe ndilo linalobeba, mshale utasema. Mizani haina mjomba."

"Na kama ni shetani anayeishika?"

"Shetani simnunui, simuuzi. Hanihusu." Akamgeukia Mugisha. "Mshale usiposogea, kijana, bomba lako begani, Bakoba unaijua njia."

Mzee Byabato akaitikia kwa kichwa. Hukumu imepita.

Mugisha alijua jibu linavyosema kitabuni. Lakini kitabu hakijawahi kutundikwa kwenye mizani ya sangara yenye kutu, na Hellen hakuwa zoezi la mwisho wa sura.

Mizani ikafungwa kwenye boriti ya baraza, bomba likaning'inizwa chini yake kwa kipande kifupi cha kamba. Karugendo akaisogeza sumaku kwenye mdomo wa bomba. Tap! Sumaku ikamchomoka vidoleni, ikaruka juu na kung'ang'ania ndoano ya mizani kama kupe.

"Mmeona!" Ndalahwa aliruka. "Inamvamia shahidi! Ndiyo michezo yenu! Sumaku na mizani wapi na wapi?"

Mugisha, bado kichwa kimeinama, akanyoosha mikono miwili, akaitenganisha polepole.

"Anasema nini huyu?" Ndalahwa aliuliza. "Sangara mkubwa?"

"Labda anaomba tukumbatiane," alisema Karugendo.

Mzee Byabato alimkazia macho kijana, kisha akatazama ndoano, kisha kamba. "Anasema kamba iwe ndefu," alisema taratibu. "Ndoano ni chuma. Chuma kikae mbali."

Mugisha nusura ambusu.

Ikaletwa kamba ya mgomba, ndefu, bomba likashuka mpaka karibu na mkeka. Mshale ukayumba, ukatulia kwenye uzito wa bomba. Watu wote wakanyoosha shingo. Hata pazia lilinyoosha shingo. Karugendo akaachia sumaku.

Mshale ukashuka alama moja. Ukakaa hapo hapo. Sumaku ilikuwa bado ndani, inateremka bila haraka, na mshale umetulia kama umepigiliwa msumari. Kisha pu! sumaku ikaanguka mkekani, na mshale ukarudi ulikotoka.

"Rudia," alisema mzee Byabato.

Akarudia. Ikawa vilevile.

"Sogea, nirudie mwenyewe." Akarudia. Vilevile.

Ndalahwa akakaa chini. "Bomba limeibeba," alisema kwa sauti ya mtu aliyepokea simu ya msiba. "Uzi hakuna, na bomba limeibeba. Mizani yangu sijawahi kubishana nayo, siwezi kuanza leo mbele ya watu."

"Lakini haling'ang'aniani nayo!" Mzee Byabato alikuwa amepiga magoti mkekani, koti la kanisani na yote, akiishika sumaku juu ya bomba. "Wewe umejaribu, nami nimejaribu. Haligandi. Sasa linaibeba kwa mkono gani?"

Karugendo akafungua mdomo.

"Wewe nyamaza!" Mzee akamgeukia Mugisha, ambaye mashavu yalikuwa yamevimba kama ya mpiga tarumbeta. "Hebu sema, mwanangu, kabla hujapasuka!"

Kigelegele kikatoka nyuma ya pazia, na kilichofuata kigelegele ni Getruda mwenyewe, simu mkononi. "Amesema! Jamani, kasema 'mwanangu'! Natuma sasa hivi!"

"Nilikuwa nauliza habari za bomba!" mzee alipinga.

"Uliuliza bomba, umejibiwa mkwe," alisema Karugendo, aliyejua kushika neno likiwa bado la moto.

Mzee Byabato akatazama mizani, akatazama sumaku kiganjani. Akapumua. "Haya. Yamekuwa. Sema basi, maana sitalala."

Mwoaji mwingine angeshukuru, angepiga magoti, angetaja majina ya mababu. Mugisha alianza na mkondo wa umeme.

"Tata, sumaku ikitembea karibu na aluminiamu, inaamsha umeme ndani ya ukuta wa bomba, vijimkondo vinavyojizungusha. Navyo vinakuwa sumaku ya muda, na kazi yake ni kumpinga aliyeviamsha. Ni kama mtu anayekimbia mtaani Buhembe. Akisimama, hakuna anayemjali. Akikimbia, watu wanatoka nje kumzuia, kuna nini, kuna nini? Akizidisha mbio, nao wanazidi. Mwisho anatembea mwendo mmoja tu, ule wanaomruhusu."

"Mbona hawamsimamishi kabisa?"

"Akisimama, Tata, wanarudi ndani. Hakuna wa kumzuia, anaanza tena."

Mzee akacheka, mara ya kwanza siku hiyo, akapiga paja. "Na nati?"

"Nati si sumaku. Inapita watu wamelala."

"Na bomba likipasuliwa kwa urefu?"

"Mkondo unakosa njia ya kuzunguka vizuri, sumaku inaongeza mwendo. Bomba la plastiki, hakuna mkondo kabisa. Na likiwa nene zaidi…"

Hilo la "likiwa nene zaidi" lilichukua muda. Matoke yakaletwa, yakapoa. Ndalahwa aliuliza kama sumaku iliyonona inashuka haraka, akajibiwa kwa mchoro uliochorwa na mkaa kwenye sakafu ya baraza. Karugendo, mshenga aliyekosa kazi, alisinzia akiwa ameegemea ukuta. Jua likasogea, na mkwe alikuwa ndiyo kwanza anaingia kwenye breki za treni zinazotumia sumaku.

Hellen akatoka ndani na birika la maji ya kunawa. Akasimama mbele ya baba yake, aliyekuwa bado amepiga magoti mkekani.

"Tata, huyu mimi nilimpenda akiwa anaongea, kwa hiyo nimezoea," alisema. "Lakini leo umemfungua wewe. Wa kumwambia chakula kinapoa ni wewe."

"Subiri kidogo, mwanangu," alisema mzee Byabato bila kuinua macho. "Ametuambia treni inasimama. Hajatuambia inasimamaje."