Mbao Zisizo na Muhuri

Matheka alikuwa aking'oa misumari kwenye paleti kuukuu za kubebea mizigo za Industrial Area lori liliposimama ng'ambo ya barabara, kwa Kasiva. La tatu wiki ile. Zikashushwa mbao za podo, ndefu, rangi ya siagi, zingali zinanukia msitu. Msumari ukamchoma kidole gumba. Akainyonya damu, macho yake yasibanduke kwenye mbao za mwenzake.

Kasiva alikuwa mwanafunzi wake. Alipokuja hapa mtaa wa Tena hakujua hata kushika randa, Matheka ndiye aliyemfunza. Sasa alikuwa na mashine, mafundi sita, na kandarasi ya madawati ya shule. Alipocheka na wateja, kicheko kilivuka barabara kikamfikia Matheka. Jioni moja Koki, mkewe, alisema, "Huyu msichana ana mkono mzuri," naye Matheka akaisukuma sahani ya muthokoi kando asiiguse tena.

Si kwamba hakuwa na mbao. Nyuma ya kibanda zilikuwapo za misaipresi aliyopanda marehemu babake Machakos. Kibali cha kukata alipewa. Cha kusafirisha alikiomba miezi mitano, na kila alipokwenda aliambiwa mkubwa yuko semina. Mvua zilipoanza na mbao kuota ukungu, alizileta Nairobi kwa barua ya chifu peke yake. Tangu hapo alizifunika turubai, akawa anaunda viti kwa paleti.

Ijumaa akaenda ofisi ya misitu. Njiani alijiambia anautetea msitu. Hakuwa ameuwaza msitu hata siku moja.

"Podo inayoshushwa kwa Kasiva haijatoka shambani kwa mtu," alimwambia afisa Ndete. "Imekatwa kwenye msitu wa serikali."

"Jina lako?"

"Lazima jina?"

"Mzee, serikali haifanyi kazi na uvumi."

Akalitaja.

Jumatatu Ndete alifika na askari wawili. Matheka aliacha kazi, akaegemea nguzo ya kibanda atazame. Kasiva alitoa faili. Ndete akafunua karatasi moja baada ya nyingine, zote zina muhuri, na mihuri mingine ilikuwa na sahihi yake mwenyewe. Akaletewa soda. Akainywa yote, akajipangusa mdomo, kisha akavuka barabara.

"Na wewe, mzee unayependa sheria? Chini ya turubai kuna nini?"

"Mbao za shamba letu. Miti alipanda baba kwa mkono wake."

"Kibali cha kusafirisha?"

"Ninyi ndio mmekikalia! Nimekuja kwenu mara ngapi?"

"Baba yako alipanda miti," Ndete alisema taratibu. "Hakupanda kibali. Pakieni."

Zilipakiwa zote. Kasiva alisimama kando, mikono kwapani.

"Mwalimu," alimwambia Matheka baada ya askari kuondoka, "ungeniuliza ningekwambia wa kumwona. Unadhani mimi napenda kumlisha yule afisa?"

Matheka akaikunja turubai tupu. Kilichomuuma zaidi ni kwamba Kasiva alikuwa bado anamwita mwalimu.

Matheka alishtakiwa kusafirisha mbao bila kibali; kesi iliahirishwa, ikaahirishwa tena. Mbao zikapigwa mnada kabla hajaitwa kizimbani. Mvua za pili zilipokuja, Matheka alikuwa fundi wa saba kwa Kasiva, akipiga msasa madawati ya podo.

Siku ya kuyakabidhi madawati, shule iliandaa sherehe ya kupanda miti. Matheka alitumwa kuchimba mashimo. Ndete alihutubia watoto juu ya kulinda misitu, kisha akamkabidhi Kasiva cheti cha mfanyabiashara mwaminifu. Walimu wakapiga makofi. Matheka, jembe mkononi, alikitazama cheti kile. Alikitaka. Alijua kilivyopatikana, na bado alikitaka.

"Mzee, sogea," mpiga picha akamwambia. "Unaingia kwenye picha."

Akasogea. Wageni wakainama, wakatumbukiza miche, wakatabasamu, wakaenda kunawa mikono. Matheka alipokuja kufukia aliona kila mche ungali ndani ya mfuko wake wa nailoni.

"Afande," akaita, "hii haijatolewa nailoni. Itakufa."

Ndete alikuwa ameshika sahani ya pilau. Hakugeuka.

"Fukia tu, mzee. Picha tumeshapiga."

Matheka akautazama mche, akamtazama Kasiva akicheka katikati ya wakubwa pale mezani. Kisha akaanza kufukia.