Ukucha wa Taji

Kazini wananiita Mama Kufuli, na jina hilo sijawahi kulikataa. Ghala la silaha la hifadhi ni langu: funguo zangu, mafuta yangu, vitambaa vyangu. Askari atakayenirudishia bunduki yenye mchanga mtutuni atajuta kunifahamu. Nina ulimi mkali, sibishi. Lakini bunduki sikuzijua kwa kusimuliwa. Nimezibeba porini miaka na miaka, nimezifungua na kuzifunga mpaka nyingine nazitambua kwa mlio tu wa bolti, lile komeo la kuvuta na kusukuma. Kwa hiyo mkuu wa hifadhi alipoamua tununue mpya, hakuniuliza kama nitaweza kuzikagua. Aliniuliza lini.

Zilizobaki kwenye mchujo zilikuwa aina mbili. Ya kwanza ina chapa ya taji, jina kubwa, kila askari anaiota. Mimi mwenyewe niliibeba Taji nilipokuwa nikitembea porini, na nyumbani nimeisifia mpaka mume wangu akaniuliza kama ni mchumba wangu wa zamani. Ya pili ina chapa ya nyundo, kitako cha plastiki nyeusi, na sura mbaya kama mguu wa kitanda. Hakuna aliyekuwa akiijua. Moyoni nilishaamua kwamba tutanunua Taji, na ukaguzi ni wa kukamilisha utaratibu tu.

Kilichoninyima raha ni kitu kingine. Binti yangu, kitinda mimba wangu, alikuwa amemaliza mafunzo ya kuongoza wageni kwa miguu. Maana yake ni kwamba atatangulia vichakani kwenye nyati, na wageni wote nyuma yake, na cha kumtetea ni bunduki aliyoishika. Baba yake aliifanya kazi hiyohiyo. Siku moja nyati alimjia, risasi ya kwanza haikumwangusha, na ganda la risasi hiyo likagoma kutoka kwenye bunduki iliyochakaa. Ya pili hakuipiga. Leo anatembea kwa mkongojo, anacheka, na tunashukuru. Ndipo mimi nikaomba kazi ya ghala, ili bunduki mbovu isitoke tena mle ndani.

Sasa mtoto wake anataka kusimama palepale aliposimama yeye. Niliogopa, tena sana. Nikamwambia aje tufanye kazi pamoja ghalani, nafasi ipo. Akanijibu, "Mama, ghala lako halina hata dirisha."

Siku ya ukaguzi, mkuu na binti yangu wakiwapo, wakala wa Taji alikuja na viatu vinavyong'aa, akatandika kitambaa juu ya meza ya uwanja wa shabaha na kulaza bunduki yake taratibu kama anamlaza mtoto. Sanduku la mzigo alilishusha pembeni. Muuzaji wa Nyundo hakuja kabisa. Alituma sanduku na karatasi ya maelekezo.

"Mama, sifa zako tunazisikia mpaka makao makuu," wakala akaanza kunivika kilemba cha ukoka. Kisha akapiga shabaha, na matundu yakakaa karibu karibu, ungeweza kuyafunika kwa kiganja. "Umeona mwenyewe?"

"Nimeona," nikasema. "Ila karatasi haikukukimbilia."

Nikamweleza utaratibu wangu. Bunduki ya mezani siikagui, maana sitaki kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Nachagua mwenyewe kutoka kwenye sanduku ambalo halijafunguliwa. Risasi ni zetu, zile ambazo askari wamezunguka nazo mifukoni. Naifuta mafuta yote, naipaka vumbi la uwanjani, halafu anayepiga anakimbia kwanza mpaka pumzi zimwishie. Na anayepiga ni yule atakayeibeba. Kulenga vizuri ni jambo jema, lakini mimi natafuta risasi ya pili. Bunduki isiyokupa ya pili ni rungu la bei ghali.

"Basi apige binti," mkuu akasema. "Bunduki ya kwanza tutakayonunua ni yake. Na huu ndio utakuwa mtihani wake wa mwisho. Akishindwa kuitumia, porini haendi."

Hilo sikulitegemea. Nikamtazama binti yangu, naye akatazama mbele.

Alikimbia kuzunguka uwanja, akarudi anahema, akapokea Taji niliyoitoa sandukuni, akapiga. Shabaha ikatoboka. Akavuta bolti, akaisukuma, na bolti ikagoma katikati. Akaiinamisha bunduki kama alivyofundishwa, akasema kwa sauti ndogo, "Imekwama."

Wakala hakuchelewa. "Amevuta nusu. Wageni wa kazi wakishikwa na woga huvuta bolti nusu. Bunduki haina kosa."

Na kweli jambo hilo lipo. Mtu akiogopa, mkono hufupika. Mkuu akamgeukia binti yangu. "Ulivuta nusu?"

"Inawezekana, mkuu. Labda nilivuta nusu."

Wakati huo bunduki nilikuwa nimeshaipokea mimi, na nilikuwa nimeshaona. Wao hawakuwa wameona kitu. Hapo shetani akanipitia. Nisingehitaji hata kusema uongo. Ningefunga mdomo tu, mkuu angempa pole, mtoto angelia, halafu angekuja kukaa nami ghalani, mzima, na miguu yake yote miwili. Nilitamani kunyamaza. Nilitamani vibaya sana.

Kisha nikamtazama usoni. Alikuwa ameshaanza kuamini kwamba mkono wake ni mbovu.

"Mkuu, sogea hapa," nikasema. "Na wewe wakala, sogea, usijifiche nyuma ya meza yako."

Nikawaonyesha. Ganda la risasi ya kwanza lilikuwa bado limekaa ndani. Nyuma yake, risasi ya pili ilikuwa imeshapanda kutoka kwenye magazini, kijisanduku cha risasi kilicho chini ya bolti, na kulisukuma ganda kwa pua yake. "Risasi ya pili haipandi mpaka bolti ifike nyuma kabisa," nikasema. "Ukivuta nusu, inabaki chini. Hii hapa imepanda. Aliyevuta amevuta mpaka mwisho. Kilichoshindwa ni ukucha."

Ukucha ni kile kichuma kidogo kwenye bolti kinachong'ata ganda na kulivuta nje. Nikatoa risasi, nikapitisha fimbo ya kusafishia mtutuni, ganda likaanguka. Ukingo wake ulikuwa umekwaruzwa upande mmoja, mahali ukucha uliposhika ukateleza.

Mkuu akakohoa. "Mama, usinielewe vibaya. Huyu ni mwanao."

"Ni mwanangu, ndiyo. Basi usiniamini. Piga wewe."

Akapiga, bila kukimbia, bila haraka, huku akivuta bolti kama anataka kuing'oa. Maganda ya mwanzo yakatoka, mimi nikaanza kuona joto. Lililofuata likagoma. Akaitazama bunduki, akanitazama mimi, akairudisha mezani.

Wakala mwenyewe ndiye aliyechomoa bolti ya bunduki yake ya maonyesho akaiweka kando ya ile ya sandukuni. Kucha za bolti hizo hazikufanana hata kidogo. Wa maonyesho ulikuwa umepigwa tupa kwa mkono ukawa mkali. Wa sandukuni ulikuwa butu, kama umetoka kwenye kalibu ukasahauliwa. "Sikujua, mama," akasema, na nilimwamini, maana rangi ilikuwa imemtoka. Hiyo ndiyo waliyompa ya kutembeza, naye akaitembeza.

Nyundo tukaipitisha njia hiyohiyo, kwa vumbi lilelile na mbio zilezile. Binti yangu akamaliza magazini yote, maganda yakiruka kama mahindi kikaangoni. Nikafungua nyingine kutoka sandukuni, kisha nyingine tena, akapiga mkuu, nikapiga na mimi, na hakuna iliyogoma. Taji niliyoibeba ujanani ilikuwa bunduki kweli. Hii ya sasa imebakiza chapa tu, na nilisikitika kama mtu aliyefiwa.

"Nyundo," nikamwambia mkuu. "Na binti amefaulu."

Asubuhi iliyofuata binti yangu alikuja ghalani amevaa sare mpya, akasimama mlangoni mahali wanaposimama askari wote. Nikamkabidhi Nyundo yake. Akavuta bolti, akachungulia ndani, akaridhika. Nje wageni wake walikuwa wanafunga kamba za viatu.

"Mama," akasema, "uliona kabla yao. Ungenyamaza tu, ningebaki hapa na wewe."

"Najua."

"Na ndicho ulichokuwa unakitaka."

"Mpaka sasa hivi nakitaka."

"Kwa nini hukunyamaza?"

Nikamhesabia risasi zake kiganjani, mkono wangu ukachelewa kutoka juu ya mkono wake.

"Kwa sababu uliivuta mpaka mwisho, mwanangu."