Ubavu wa Bi Afaf

Asubuhi moja ya mwaka wa tisini na tano, Bi Afaf alikuwa amekaa juu ya mbuzi jikoni kwake Kibokoni, akikuna nazi ya wali, maumivu yalipomshika ubavu wa kushoto. Hakuwa ameanguka wala kupigwa. Kifuu kilimponyoka. Alihisi kitu kimekatika ndani, jasho likamtoka, na jambo la kwanza alilofikiri ni kwamba atakufa na wali bado haujapikwa.

Mumewe, Kamaludin, muuza vinyago wa Ndia Kuu, alimpeleka hospitali. Kamaludin ni mtu wa adabu zake, na kwao mume ndiye msemaji wa mkewe mbele ya wanaume wa kando. Baada ya salamu ndefu, Daktari Jared aliuliza mama anaumwa nini.

"Ubavu, daktari. Kidogo tu. Nadhani ni gesi."

"Si kidogo," alisema Afaf.

Daktari alimtazama Kamaludin. Kamaludin akatabasamu, maana ugonjwa wa mke si jambo la kutangazwa kwa vishindo. Wakapewa vidonge vya maumivu, wakaambiwa waache mbaazi.

Kesho yake Afaf alisimama akaona giza. Midomo ilikuwa imempauka. Jirani alisema ni kijicho, akamwachia mafuta ya karafuu. Afaf akajilaza, akajipaka ubavuni. Pale mafuta yalipopita, ngozi ikawa angavu kama karatasi iliyofungiwa mahamri ya moto. Akapaka zaidi, apate kuona vizuri.

Aliziona mbavu zake. Chini yazo aliiona figo, ndogo kama ngumi, ikifanya kazi bila kuagizwa na mtu. Ilikuwa na uvimbe wa manjano pembeni, mfano wa donge la samli, na hapo damu ilikuwa ikichirizika, ikaizunguka figo na kuifunika nusu. Afaf aliingiwa na kicho. Miaka yote hiyo ameubeba ufundi mkubwa namna hii chini ya leso, akidhani amebeba mwili tu! Aliogopa pia, tena sana.

"Baba Hanin," aliita. "Njoo uitazame gesi yako."

Kamaludin aliinama, akatazama. "Subhanallah," alisema, akatoka kutafuta teksi.

Hospitalini Daktari Jared alivuta kiti. Wauguzi walisogea, na chumba kikanyamaza kama msikiti wakati wa sala. Mmoja alimpima Afaf presha, akaikuta imeshuka, wakamtundikia maji.

"Damu yavuja kuizunguka figo, yenyewe, bila ajali," alisema daktari kwa sauti ya chini. "Hutokea kwa nadra mno. Nimeisoma chuoni tu. Huu uvimbe ndio uliopasuka." Kisha akauliza, "Maumivu yalianza lini?"

Alimwuliza Kamaludin.

"Jana, nikikuna nazi," alijibu Afaf.

Daktari alingoja mpaka Kamaludin alipolirudia jibu hilo, ndipo akaliandika.

Wanawake wa Kibokoni walikuja kutoa damu, na waliofanikiwa kusimama baadaye walichungulia ubavuni mwa Afaf waione damu yao ikipita. Kwenye upasuaji daktari hakupapasa. Alikwenda moja kwa moja alikoona. Figo ile haikuokoleka, ikatolewa. Afaf akazinduka na moja, nayo yatosha mtu kuishi, Mungu akipenda. Ubavu wake ulibaki angavu, na kila asubuhi muuguzi aliutazama badala ya kumwuliza hali.

Siku Afaf alipoanza kunywa uji, kwenye kitanda cha pili aliletwa Kadzo, mfua nguo kutoka Kaloleni, amejikunja, mkono ubavuni.

"Dada, kuna kitu kimekatika humu ndani," alisema Kadzo. "Nilikuwa nimeinama tu kwenye karai."

Afaf aliyatambua maumivu hayo neno kwa neno.

Daktari alipopita, alifunua leso ya Kadzo, akamulika tochi. Ngozi ilikuwa ngozi. Akamwuliza Kaingu, kaka yake, kama maumivu ni makali.

"Si sana, daktari," alisema Kaingu, ambaye naye alikuwa amelelewa vyema.

"Daktari, mimi pia nalikuwa hivi hivi," alisema Afaf. "Huyu yuwavuja damu. Asipotazamwa atakufa. Muulize mwenyewe."

Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, kwa kuwa alikuwa mtu mwema. Kisha akamgeukia Kamaludin, aliyekuwa ameketi kando ya kitanda cha mkewe.

"Mama anahitaji kupumzika," alisema. "Asiongee sana."

Kamaludin akamfunika mkewe shuka vizuri. Kaingu akashukuru kwa niaba ya dada yake. Kadzo akajifunga leso, akapokea vidonge, akatoka akishika ukuta.