Kibao cha Ngazi ya Vigae

Halmashauri ilipoigundua ngazi ile (kugundua, eti, kana kwamba watu hawakuwa wakiipanda miaka nenda rudi) ilimwita mwashi mmoja mzee akakaze kibao cha shaba ukutani.

Ilikuwa ngazi nyembamba nyuma ya posta, kuta zake zimevikwa vipande vya sahani na vikombe vilivyovunjika: samaki, ndege, jogoo wa buluu mwenye miguu mitatu. Mwashi aliugusa ule mguu wa tatu. Mkewe alipokosea pale alicheka mpaka akakaa chini. "Mwache," alisema, "huyu atawahi kufika."

Mkewe alikuwa mfagizi wa posta. Vyombo vilivyovunjika mgahawani aliviokota yeye. Saruji iliyobaki kazini aliileta mumewe. Miaka sita, kila Jumapili.

Mwashi alikifungua kibao, akakisoma kwa kidole, maana shule aliipitia dirishani. "Fu-ndi... ha-ju-li-ka-ni."

Akamgeukia ofisa wa mambo ya kale, mwanamke kijana mwenye faili kwapani. "Binti, nani hajulikani?"

"Aliyetengeneza, mzee."

"Huyo ni mke wangu. Marehemu."

Ofisa alitabasamu. "Wewe wa nne, baba. Wa jana kasema ni babu yake."

"Huyo babu alimpa jogoo miguu mingapi?"

Ofisa akahesabu. Tabasamu likamtoka.

"Ninakuamini," alisema taratibu. "Lakini tuliuliza mtaa mzima, nyumba kwa nyumba." Alifungua faili, akasoma: "Mwashi, nyumba ya tatu nyuma ya posta. Alipoulizwa alijibu: Sijui, niondokeeni. Akabamiza mlango."

"Lini?"

Ofisa aliitaja tarehe. Miaka kumi na mmoja iliyopita.

Mwashi akaweka ndoo chini. Ilikuwa siku ya tatu tangu amzike mkewe. Mkewe alikuwa amelala sakafuni hospitalini siku nne. Dawa hakuna, daktari yuko semina, na kila mwenye meza akimtuma kwa mwenye meza mwenzake. Kisha mlangoni mashati yaliyopigwa pasi, mafaili mkononi. Aliona ni walewale.

"Mlimwua, halafu mkaja kuuliza vigae," alimwambia ofisa. Sauti ilikuwa imekwisha.

"Pole, baba. Nitaiandikia kamati. Ila watataka shahidi, na shahidi aliyeandikwa ni wewe." Aliangalia saa. "Wageni wako njiani."

Angeweza kubeba ndoo yake akaondoka. Lakini kibarua wa halmashauri alishaokota drili, akaielekeza kwenye bawa la ndege.

"Toka hapo, we mharibifu!"

Mwashi alimnyang'anya drili. Alitafuta mpaka akapata mahali penye lipu tupu, chini kabisa karibu na mfereji, akatoboa polepole, kiganja kikikinga vumbi. Alipima kwa pimamaji. Kibao kilikaa sawasawa.

Wageni waliteremka na kamera zao. Mama mmoja mwenye kofia pana akasimama mbele yake.

"Mzee, wewe mwenyeji. Nani alifanya maajabu haya?"

Mwashi alisimama, akapangusa mikono kwenye suruali, akataja jina kamili la mkewe: lake, la baba yake na la babu yake.

Yule mama aliinama, akasoma kibao. Akamtazama mwashi kwa huruma, kama anavyotazamwa mzee anayeongea peke yake, kisha akamwomba asogee kidogo, anaingia kwenye picha.