Fundi Dirisha

Pale maabara hakuna aliyemwita mwanamke huyu kwa jina lake. Alikuwa Fundi Dirisha, basi, kwa sababu hakuna mkono uliojua kukata dirisha kwenye ganda la yai kama wake. Unachukua yai lililokaa kidogo kwenye mashine ya kutotolesha, unanyonya ute kwa sindano ili kiini kishuke, unakata kidirisha kwa juu kwa mkasi mdogo, unachungulia. Kisha unaziba kwa selotepu, unalirudisha kwenye joto, na kifaranga anaendelea kujiunda kana kwamba hakuna aliyemchungulia. Wengine walivunja mayai mpaka meza inanata. Yeye hata ukimkuta anapiga soga, mkono hautikisiki.

Sasa fundi huyo aliporudi kazini baada ya msiba, alikabidhiwa brashi ya kuoshea chupa.

Mtoto wake wa kwanza, wa kiume, alizaliwa bila fuvu la juu, akavuta pumzi chache mikononi mwa baba yake, akakata roho. Madaktari walisema si kosa la mtu. Labda. Lakini taabu ya Dirisha ni kwamba alijua mno. Mwingine angeambiwa ubongo haukukua, angelia mpaka machozi yakaisha. Yeye aliijua kazi yenyewe. Ubongo huanza kama ukanda bapa. Kingo zinainuka, zinakutana, zinashikana kuwa mrija. Ukuta wa mrija huo ni seli mama tupu. Mwanzoni kila mama anajigawa kuwa mama wawili, wawili wanakuwa wanne, mpaka ukuta unajaa. Baadaye ndipo wanaanza kuzaa watoto, yaani seli za ubongo zenyewe, na kila mtoto anapanda kwenda nje akishikilia mwili mrefu wa mama yake kama mtu anayepanda kamba. Kwa mwanawe, mama hao walikuwepo. Ila mrija haukufunga kwa juu, na walichokijenga kikaliwa na maji ya tumboni kidogo kidogo.

Na wiki ambayo mrija hufunga aliijua. Hakuwa hata na habari kwamba ana mimba. Alikuwa amekaa pale pale mezani akikata madirisha, na mirija ndani ya mayai yake yote ikafunga vizuri, akasifiwa mpaka akaona haya. Hilo ndilo lililokuwa likimla.

Nyumbani, mumewe alikuwa fundi wa masofa, na tangu siku ya mazishi kiti cha mteja kilikuwa sebuleni kimechanwa, sponji nje. Chakula alikidonoa tu. Jioni moja akauliza, "Wewe ndiye unayeijua hiyo kazi. Ni ngumu kiasi gani, hata ikamshinda mwanangu?"

"Nitaangalia," alimjibu. "Nitakwambia."

Jibu gani hilo, jamani, la kumpa mtu aliyefiwa. Lakini mume aliitikia kwa kichwa na kulipokea, akawa anasubiri.

Kazini nako, mkuu wa maabara, mzee wanayemwita Mjomba, alikuwa amemtenga na mayai. Akipita tu, wenzake wanafunika trei kwa taulo na mazungumzo yanageuka ghafla kuwa ya mvua. Huruma ya namna hiyo inachosha kuliko matusi, kusema kweli.

"Mjomba, nirudishie mayai yangu."

"Pumzika kwanza, mwanangu. Chupa nazo zinataka mtu."

"Chupa hata wewe unaweza kuziosha."

Mjomba akacheka, kisha akaacha kucheka. "Unataka kuona nini mle?"

"Nataka kuona moja likishindwa. Nione kwamba hata penye joto la kutosha na mkono mzuri, kuna yanayoshindwa tu. Nikiona hivyo nitapumua. Na mume wangu nitakuwa na cha kumwambia."

Mjomba alivua miwani, akaifuta kwa koti lake, akaivaa ikiwa chafu zaidi. Kesho yake trei ya mayai ilikuwa mezani kwa Dirisha.

Akanyonya ute, akakata madirisha. Chini ya kila kifaranga anayeanza kujiunda alidunga wino mweusi, ule ukanda mweupe ukaonekana vizuri, kingo bado ziko wazi. Akaziba, akayarudisha kwenye joto. Siku iliyofuata aliyatoa, akainamia hadubini.

La kwanza limefunga. La pili limefunga. La tatu alidhani limeacha tundu, moyo ukamruka. Akasogeza taa, kumbe ni kivuli. Trei nzima alimaliza hivyo. Mjomba akamkatia moja vipande vyembamba na kuvitia rangi, Dirisha akatazama tena: seli mama zimejipanga ukutani, huyu amekutwa katikati ya kujigawa, yule pia, bila haraka, bila kuhimizwa na mtu. Hakuona ugumu wowote. Ilikuwa kazi nyepesi kabisa, inayofanywa na kila yai la sokoni.

Wenzake wakapiga makofi, eti fundi karudi. Mjomba peke yake ndiye aliyeuona uso wake.

"Hata moja, Mjomba," alisema taratibu. "Hata moja tu lingekataa."

Mjomba hakuwa na utani siku hiyo. Alivuta kiti, akakaa naye, mpaka wengine wakaona aibu na kuondoka na makofi yao.

Alipofika nyumbani, mumewe alikuwa amekaa sakafuni kando ya kile kiti.

"Umeangalia?"

"Nimeangalia."

"Ehe."

Alimtazama. Mashavu yamebonyea, shati ni lile lile la juzi. Maishani mwake Dirisha hakuwahi kumdanganya mtu yeyote kuhusu kazi yake.

"Ni ngumu," alisema. "Ngumu sana, mume wangu. Wengi inawashinda."

"Wengi?"

"Wengi mno."

Mume alishusha pumzi. Kisha akaivuta sponji na kuanza kuirudisha ndani ya kiti.

"Basi hakuwa peke yake," alisema.

"Hakuwa," alijibu mkewe, akamshikia kitambaa ili apige misumari.